Hirizi Yenye Antena

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwa miaka kumi na moja nimewaambia wanafunzi wangu kwamba chombo hakina nongwa na mtu: kikikataa kufanya kazi, kosa ni la mkono uliokishika. Nilikuwa nikiyasema hayo nimesimama mbele ya darasa na chaki yangu, sina wasiwasi wowote. Kisha nikanunua kipokezi cha GPS, na haikutimia wiki nikaanza kuamini kuwa vyombo vyenye nongwa vipo, na kimoja kimeingia nyumbani kwetu.

Sababu ya kukinunua ilikuwa baba. Baba alikuwa fundi cherehani hapa Chake Chake, fundi wa kanzu, na sijui ni maharusi wangapi wa kisiwa hiki waliosimama mbele yake na futi yake ya kupimia. Mama alipofariki akaanza kusahau. Mwanzo alisahau majina ya wajukuu, tukacheka naye. Halafu akasahau kwamba duka alikwisha kulifunga zamani, ikawa kila kukicha anavaa, anatia futi shingoni, anatoka kwenda kulifungua. Nyumbani Tibirinzi tulikuwa mabinti wawili tu wa kumwangalia: dada yangu mkubwa, mjane, aliyeshinda nyumbani, na mimi niliyeshinda skuli. Tukimfungia mlango hakupiga kelele. Alibisha hodi kwa ndani, taratibu, kwa adabu zote, mpaka ukaona haya ukamfungulia.

Siku moja akatupotea tangu asubuhi. Wanawake waliokwenda kuokota chaza ndio waliomwona alasiri, kasimama kwenye mikoko, tope limemfika magotini, maji yanajaa, kiatu hana. Walimshika mikono wakamtoa. Alipofika nyumbani alikuwa anatetemeka, na anatuomba radhi kwa kuchelewa kufungua duka. Dada alimwosha miguu, akaniambia bila kunitazama kwamba wanawake wale wangekaa kidogo tu wakipiga soga, saa hizi tungekuwa tunatafuta sanda. Nami nikaapa kwamba haitatokea tena. Lazima nijue alipo, hata nikiwa niko darasani nafundisha.

Vifaa aliniagizia mwalimu mwenzangu mwenye ndugu Dar es Salaam. Vilikuja vitatu ndani ya mfuko wa nailoni. Cha kwanza ndicho kipokezi chenyewe, kibao kidogo kama kiberiti kilichokatwa nusu, na juu yake kigae cheupe ambacho ndicho antena. Cha pili ni kibao cha kutia laini ya simu ili kitume meseji. Cha tatu ndicho ubongo, unakiandikia amri kwa kompyuta. Mpango ulikuwa mwepesi: kipokezi kisikilize satelaiti kijue baba yuko wapi, ubongo usome, kibao cha simu kiniletee meseji kila nusu saa. Niliuchora wote kwenye karatasi moja, nikamwambia dada kwamba baada ya wiki mbili atapumua. Ilichukua miezi saba.

Kipokezi kina kitaa chekundu. Kikishazipata satelaiti za kutosha, kitaa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Changu hakikuwaka. Nilikaa nacho chumbani mezani siku tatu. Nikabadilisha waya. Nikazichomea upya, nikaunguza kidole. Kwenye kompyuta nilitegemea kuona namba na sikuona hata herufi. Siku ya nne nikagundua kwamba waya wa kutuma nimeuunga kwenye kutuma, na wa kupokea kwenye kupokea, maana yake vibao viwili vinasema kwa pamoja na hakuna anayesikiliza. Nikazipishanisha waya, na kweli yakaja maandishi, lakini yalikuwa mikato mitupu. Mkato, mkato, mkato, mstari mzima, na mahali pa namba hapana namba. Nilikitazama nikakiita mwanahizaya, kwa sauti. Dada akauliza kutoka jikoni ni nani aliyekuja.

Jambo la bati nililikumbuka baadaye sana, na ndilo linaloniudhi hadi leo. Mawimbi ya satelaiti ni dhaifu, hayapenyi bati, na nyumba yetu yote imeezekwa bati. Nikakitoa uani. Jua likakipiga, nikahofia kitaungua, nikakifunika kwa sufuria. Naam, sufuria. Nimetoka chini ya bati nikaingia chini ya sufuria, na shahada ninayo. Nilikaa pale saa nzima nikikilaumu, mpaka dada akaja kuitaka sufuria yake apikie. Alipoifunua hazikupita dakika tano kitaa kikaanza kuwaka na kuzima. Dada alidhani kakitengeneza yeye, na ukitazama vizuri, ndivyo.

Tangu hapo nikawa nakifunika kwa kawa lake la ukili, lile analofunikia chakula, kwa sababu ukili unazuia jua na hauzuii mawimbi. Nzi wakawa wanatua kwenye wali, dada akawa ananung'unika tangu adhuhuri hadi alasiri. La kuvunda halina ubani, aliniambia, acha tu, nitamfunga baba kwa kamba kiunoni kama mbuzi tupumzike. Hakumaanisha. Alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimechoka, na tulikuwa tukigombana kila siku juu ya kawa.

Kisha akaja sheha wetu, mtu wa serikali hapa mtaani. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na mwaka wa uchaguzi Pemba mtu hawezi kuweka waya uani chini ya kawa majirani wakanyamaza. Alikaa kibarazani, akanywa kahawa kikombe cha kwanza na cha pili, akauliza hali ya baba, akauliza hali ya skuli, na kwenye kikombe cha tatu ndipo akauliza ile mashine niliyoiatamia ni ya kurushia nini. Nikamweleza. Akataka kujua kama inaweza kusikia yanayosemwa barazani kwa watu. Nikamjibu kwamba haijaweza hata kusikia ninayoiomba mimi niliyeinunua. Alicheka, lakini wiki ya pili akaja tena, akaomba aione kwa macho yake.

Namba zilipoanza kuja, nilizitia kwenye ramani ya simu, na ramani ikaniambia nyumba yetu ipo baharini, kwenye mkondo, njia ya kwendea Tanga. Nikazisoma upya. Bahari ileile. Wiki mbili nzima nilikishuku kigae, nikashuku waya, nikashuku mawingu, nikashuku ramani yenyewe. Kumbe kidude kinatoa digrii na dakika zimebanana pamoja, na mie nilizisoma kama digrii na desimali. Digrii moja ina dakika sitini. Nimelifundisha hilo mpaka nimechoka kulifundisha, nimewapa watoto adhabu kwa kulisahau. Nikarekebisha hesabu kwa haraka na hasira, nikasahau kuandika kwamba sisi tuko kusini ya ikweta, na safari hii nikakuta tumehamia Uhabeshi. Nilifunga kompyuta nikaenda kufua, kwa sababu nguo angalau ukizisugua zinatakata.

Baba alikuwa akija kusimama mlangoni nikiwa kazini. Aliangalia waya zangu, akauliza cherehani hii imeharibika nini. Mara za mwanzo nilimweleza. Baadaye nikawa simjibu, na siku moja, siku ya Uhabeshi hiyo, nilimwambia aniache, haya yote nayafanya kwa ajili yake yeye. Alisema samahani, akarudi ukumbini akakaa. Najuta kwa siku ile kuliko kwa jambo jingine lolote katika miezi hiyo saba, isipokuwa moja, nalo nitalifikia.

Tatizo lililofuata lilikuwa umeme. Kibao cha simu kikitaka kutuma meseji kinanyonya umeme wote kwa ghafla, kipokezi kinazimika, na kikiwaka tena kinaanza upya kutafuta satelaiti, kwa sababu kibetri chake cha kumbukumbu kilikuja kimekufa. Kila nusu saa kinasahau kila kitu. Nikamwambia dada kwamba sasa tuna wasahaulifu wawili nyumba moja, nikidhani nafanya mzaha. Aliweka kisu chini. Aliniambia nisithubutu tena kumfananisha baba yake na takataka ile. Nikaomba radhi. Nikang'oa kapasita kubwa kwenye redio mbovu, kile kipipa kinachoweka akiba ya umeme, nikaichomea pale pa umeme, nikabadilisha na kile kibetri, nikatia betri ya simu ya zamani. Kikashika. Nilikitia mfukoni nikatembea nacho toka nyumbani mpaka Gombani na kurudi, na nilipozitia meseji kwenye ramani, kila nukta iliangukia barabarani pale nilipopita. Nilimbusu dada shavuni, naye akanisukuma.

Nikakishona ndani ya bitana ya koti la baba, begani, kigae kikitazama juu. Asubuhi ya kwanza nikapata meseji mbili, kisha kimya. Niliporudi nikamkuta baba kibarazani amekaa juu ya mkeka, miwani puani, wembe mkononi. Koti liko mapajani. Mbele yake amepanga vitu vyangu vyote kwa safu: waya, betri, kibao kimoja, kibao cha pili, na kigae kimeng'oka.

"Fundi aliyenishonea koti hili kaacha takataka ndani," akaniambia. "Nimemsitiri."

Na bitana alikwisha kuishona tena kwa mkono, mshono ambao huuoni hata ukiweka jicho. Jina langu lilimtoka siku nyingine, lakini mkono haukusahau kitu. Nikakitengeneza, nikakishona kwenye pindo la ndani la kanzu. Akakitoa. Nikakitengeneza tena, nikakificha begani kwenye koti jingine, mshono nimemlipa fundi hodari wa mjini. Akakitoa hicho nacho, akasema mafundi wa siku hizi hawana haya. Kila mara kuvichomea upya kulinichukua siku tatu nne. Mara ya tatu nililia, wala si kwa huzuni. Nililia kwa hasira, nimekaa sakafuni chumbani na waya mkononi, na ningekuwa na nyundo ningekivunja.

Ndipo shetani akanipa akili. Fundi anaweza kufumua koti la mtu, kanzu, hata joho la bwana harusi. Lakini hakuna fundi Pemba, wala mtu mwenye akili zake au aliyepotewa nazo, atakayefumua hirizi. Nikanunua kitambaa cheusi kizito. Nikaviweka vibao ndani, nikaviviringisha, nikashona kama hirizi zinavyoshonwa, na ukanda wa kupitisha begani ili kigae kikae juu, chini ya kanzu. Ili nisiwe nimedanganya sana, niliandika Ayatul Kursi kwenye karatasi kwa mkono wangu nikiwa na udhu, nikaikunja nikaitia humo. Nilijiambia basi ni hirizi kweli, ila ina betri.

Lakini baba angeuliza nani kaiandika, na jina langu lisingetosha. Kulikuwa na shehe mmoja wa Kojani, kisiwani, rafiki yake tangu ujanani. Baba alimshonea kanzu zake zote, na neno la shehe yule kwa baba lilikuwa halijibiwi. Huyo alikwisha kufariki kabla baba hajaanza kusahau. Baba mwenyewe alivuka akaenda kumzika. Nikamwambia baba kwamba shehe wa Kojani kamwandikia hirizi ya kumlinda na njia mbaya, na kasema asiivue.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaibusu, akaiweka kwenye paji la uso.

"Kaniandikia mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba."

Dada alinifuata uani, akaniuliza kama sasa nimeanza kuwasingizia hata maiti. Nikamjibu kwamba maiti hatanikanusha. Akasema astaghfirullah, akaingia ndani akaniacha pale.

Nikwambie ukweli, siku tisa zile nilikuwa na furaha ya kitoto. Usiku baba akilala nilikichaji kidude kwa tundu nililoliacha kwenye mshono, na meseji zilikuja kila nusu saa, zimenyooka. Baba kibarazani. Baba msikitini. Baba anakwenda dukani kwake kusikokuwa na duka, nami nampigia dada simu na dada anamfuata kwa nyuma. Darasani nilikuwa naiweka simu mezani karibu na chaki. Wanafunzi wakasema mwalimu siku hizi anacheka.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, meseji ikasema baba yuko uani. Nusu saa baadaye, uani. Na nyingine, uani palepale, bila kusogea hata hatua moja. Niliona kapumzika chini ya kivuli, nikaendelea kufundisha. Dada ndiye aliyenipigia, akaniambia baba hayupo.

"Yupo," nikamwambia. "Yuko uani."

"Mie niko uani nimesimama. Hayupo."

"Katazame vizuri. Meseji imeingia sasa hivi."

"Wewe uko skuli," akasema dada, taratibu kabisa, na sauti hiyo nilikuwa siijui, "na mimi niko nyumbani, na unaniambia baba yupo."

Mungu anisamehe, niliendelea kubishana naye. Nilimwambia kipimo hakikosei zaidi ya hatua mbili tatu. Hapo nikasikia anatembea, kisha akaniambia hirizi imetundikwa msumarini, nje ya mlango wa choo.

Mtu haingii chooni na hirizi. Ina maneno ya Mungu. Mtoto wa chuo cha Kurani anayejua alif na bee analijua hilo, mimi nalijua, na aya niliiandika kwa mkono wangu. Katika miezi saba nilifikiria bati, nikafikiria mawingu na betri na ikweta, na hilo halikunipitia kichwani. Siku tisa baba alikuwa anaivua, anaitundika kwa heshima, anatoka, anajitia maji, anaivaa tena. Siku ya kumi alitoka akasahau kuivaa. Na kidude changu kilikuwa kinafanya kazi vizuri kuliko siku zote, kinaniambia kwa uaminifu mahali ulipo msumari.

Nilikimbia. Nilikwenda mikokoni kwanza, na maji yalikuwa yamejaa. Nilikwenda na viatu na buibui mpaka maji yakanifika kiunoni, naita baba, baba, na wanawake wa kule wakaja kuniuliza, wakaingia nao kutafuta. Dada alikwenda mjini. Aliniambia baadaye kwamba jikoni mfuko wa sukari haupo, na hakuna aliyejua maana yake.

Saa saba ikaja simu kwa dada. Aliyepiga ni nahodha wa mashua, kule bandarini pa kuvukia Kojani; namba kaipata kwa abiria wa Chake waliomtambua baba. Alisema fundi wetu wa kanzu yuko pale, mzima, kakalishwa kivulini, kapewa maji. Alikuwa kapanda gari la Wete, kashuka njia panda, kapanda jingine. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu kavaa kanzu safi, kasalimia kila mtu, na alipoulizwa aendako alikujua. Anakwenda Kojani kumshukuru shehe aliyemwandikia hirizi. Sukari kaichukua kwa sababu mtu hendi mikono mitupu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ya magari mawili, na njia nzima nilikaa na nguo zimenikauka chumvi mwilini, nikijua ninachokwenda kukikuta.

Nilimkuta amesimama katikati ya watu. Walikwisha kumwambia. Watu wa Kojani wanamjua shehe wao na siku waliyomzika, na walimwambia kwa upole kwamba mzee, shehe alikwisha tangulia mbele ya haki. Baba akawaambia wamekosea, kamwandikia hirizi juzi. Wakamwambia tena. Akawaambia basi wangoje. Aliponiona uso ulimfunguka, na siku ile, katika siku zote, jina langu alilijua. Aliniita kwa jina.

"Huyu hapa," akawaambia. "Muulizeni huyu. Mwanangu hasemi uongo."

Watu wakanitazama. Nahodha akainamisha kichwa, nadhani alikwisha kufahamu. Ningeweza kusema shehe kasafiri. Ningeweza kusema twende nyumbani, baba, tutarudi kesho, na kesho asingekumbuka. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Waambie, mwanangu. Nani kaniandikia?"

"Shehe amefariki, baba," nikasema. "Wewe mwenyewe ulikwenda kumzika. Hirizi niliishona mimi."

Akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, tukamkalisha. Alilia kama mtu aliyepewa habari dakika ile ile, na kwake ilikuwa dakika ile ile. Nilipotaka kumfuta uso aliushika mkono wangu akauweka pembeni, bila ukali. Akamgeukia nahodha, mtu asiyemjua, akamuuliza yeye kama maiti amekwisha kuzikwa au bado wanangoja.

Tulivuka. Hakukuwa na namna ya kumrudisha nyumbani bila kumpa mkono wa rambirambi aliyefiwa. Mjane wa shehe, mzee sana, alitupokea mlangoni, na nahodha alikuwa katutangulia akamnong'oneza. Aliipokea sukari. Aliipokea tanzia iliyochelewa miaka, akasema ahsante, fundi, tumepokea, Mungu akuzidishie. Baba akakaa na wanaume barazani akawasomea Fatiha, hakukosea hata neno. Mimi nilikaa ndani na wanawake, na hakuna aliyeniuliza kitu, na sikuweza kuinua macho.

Tulipofika Chake alikwisha kusahau. Aliniuliza kwa nini pindo la kanzu yake limelowa, na mimi, aibu niseme, nilishukuru. Kidude nilikitoa betri, ile aya nikaifukia mahali safi, vibao nikavitia kwenye kopo. Niliomba ruhusa skuli nikapunguziwa vipindi, na sasa akitaka kwenda kufungua duka, mmoja wetu anakwenda naye mpaka anapochoka kulitafuta.

Hakumbuki shehe. Hakumbuki mashua, wala mjane, wala sukari. Hirizi hajaiulizia hata siku moja. Lakini nikimwambia chakula tayari, au mvua inakuja, au leo Ijumaa, huitikia vizuri, ahsante mwanangu. Halafu hungoja dada apite karibu naye, akamuuliza kama ni kweli. Na humuuliza kwa sauti ya chini, akinitupia jicho kwanza, ili nisisikie nikatahayari.